Oaxaca, Mérida au Puebla: darasa lipi la mapishi ya Kimeksiko likufae

Kabla hujalipia darasa lolote la mapishi Meksiko, muulize mwenye darasa swali moja: mahindi ya tortila, chapati nyembamba ya mahindi, mnayachemsha wenyewe, au masa mnainunua kwenye mashine? Masa ni donge la mahindi yaliyochemshwa na chokaa, kisha yakasagwa yakiwa bado na maji yake. Wapishi wengi wa mjini huinunua, na hakuna ubaya. Ni kama mtu wa Mombasa kununua nazi iliyokwisha kunwa. Ila jibu lake litakuonyesha unalipia nini: kazi ya mikono, au mlo mzuri wenye maelezo.

Tunalinganisha miji mitatu ambayo msafiri huifikia bila taabu na ambayo mapishi yake hayafanani hata kidogo: Oaxaca kusini, Mérida katika rasi ya Yucatán, na Puebla karibu na Jiji la Meksiko. Michoacán nayo ina haki ya kutajwa, maana UNESCO ilipoyaingiza mapishi ya jadi ya Meksiko katika orodha yake ya urithi mwaka 2010, mfano uliotumika ulikuwa wa huko. Lakini hali ya usalama katika sehemu za jimbo hilo inataka kufuatiliwa kwa karibu, kwa hiyo kwa anayekwenda mara ya kwanza tunaiacha kando.

Kipimo chetu ni kimoja: ukisharudi nyumbani, iwe Tanga, Nairobi, Muscat au London, utaweza kupika nini bila kumwagiza mtu viungo kutoka Meksiko?

Oaxaca: nenda ukajifunze mahindi

Watu hukimbilia Oaxaca kwa sababu ya mole, mchuzi mzito wa pilipili kavu ambao huko huhesabiwa aina saba: negro, coloradito, rojo, amarillo, verde, chichilo na manchamanteles. Sisi tunasema somo kubwa zaidi la Oaxaca ni mahindi yenyewe.

Kipimo cha kuanzia ni kilo 1 ya mahindi makavu meupe, lita 3 za maji na gramu 10 za chokaa ya chakula. Ni ya chakula, si ile ya kupakia kuta. Chokaa huyeyushwa kwanza ndipo mahindi yakaingia, moto ukawekwa wa wastani, maji yakachemka taratibu kwa dakika 30 hadi 40. Punje ndiyo inayokuambia wakati umefika. Itoe moja, ifikiche kati ya kidole gumba na cha shahada: ganda litoke kama ngozi ya maharage yaliyolowa, lakini ukiiuma, kati uone kiini cheupe ambacho bado ni kibichi. Hapo sufuria huepuliwa, hufunikwa na kuachwa saa 8 hadi 12. Asubuhi mahindi huoshwa mara mbili au tatu. Baadhi ya maganda huachwa kwa makusudi, kwa kuwa chokaa imeyageuza kuwa utomvu unaoishika masa isikatike. Anayeyasugua mpaka yang'ae hupata masa isiyoshikana.

Makosa hujionyesha mapema. Mahindi yaliyochemka kupita kiasi hutoa masa inayonata vidoleni kama ugali mbichi. Yaliyochemka kidogo huacha chengachenga, na tortila hupasuka pembeni. Chokaa ikizidi, masa huwa ya manjano na kunukia kama sabuni. Mtu aliyezoea kutwanga mahindi ya makande ataona mara moja tofauti: kinu na mchi huondoa ganda tu, chokaa huibadili punje yenyewe. Huifungua vitamini B3 iliyofungika ndani ya mahindi na kuongeza kalsiamu. Mahindi yalipoenea Ulaya bila ujuzi huu, maskini walioyategemea peke yake waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo.

Darasa zuri litakupigisha magoti mbele ya metate, jiwe la kusagia lenye miguu mitatu, walau kwa konzi mbili tatu za mahindi. Usitegemee kusaga kilo nzima. Hata vijijini siku hizi mahindi hupelekwa mashineni na kurudi baada ya dakika chache. Metate ipo ili mkono wako ujue ulaini unaotakiwa.

Tortila yenyewe ni donge la gramu 30, hubanwa kati ya vipande viwili vya plastiki. Libonyeze kwanza kwa kidole: likipasuka ukingoni, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Kisha hutupwa kwenye komali, bapa la udongo au chuma mfano wa tawa la chapati. Upande wa kwanza sekunde 20, geuza, upande wa pili karibu dakika moja, geuza tena, na hapo ivimbe. Isipovimba, chuma hakijapata moto wa kutosha, masa ni kavu, au umeibana upande mmoja ukawa mwembamba kuliko mwingine. Ukiona komali ya udongo imepakwa uji mweupe wa chokaa usishangae. Ndiyo inayozuia masa isigande.

Kuhusu mole negro, tunasema wazi: usichague darasa la saa nne au tano kwa sababu tu limeahidi mole negro pamoja na vyakula vingine vinne. Pilipili zake, chilhuacle negro, mulato na pasilla, hutolewa mbegu, hukaangwa mpaka zikawa nyeusi, kisha hulowekwa. Mbegu huunguzwa pamoja na tortila mpaka zikawa mkaa, tena nje ya nyumba, kwa sababu moshi wake hukaba koo la kila aliye ndani. Halafu huoshwa kupunguza uchungu. Ufuta, lozi, karanga, zabibu kavu na ndizi mbivu ya kupika hukaangwa kila kimoja peke yake, maana ufuta huungua wakati lozi bado hazijabadilika rangi. Baada ya kusagwa na kuchujwa, rojo hukaangwa tena kwenye chungu huku likikorogwa, mpaka mafuta yaelee pembezoni. Mchuzi wa kuku huongezwa kidogo kidogo, na chokoleti huingia mwisho, si nyingi. Ikitangulia, sukari yake hushika chini ya chungu na kuungua. Ni kazi ya siku nzima. Ikikamilika mbele yako kwa saa nne, ujue nusu yake ilifanywa jana na mtu mwingine.

Omba mole amarillo. Huanza na kwisha darasani: pilipili kavu hupashwa kwenye komali sekunde 20 hadi 30 kila upande, hulowekwa kwenye maji moto kama nusu saa, husagwa na nyanya, kitunguu, saumu na viungo, huchujwa, hukaangwa. Uzito wake hutokana na masa: karibu gramu 100 huyeyushwa katika kikombe cha mchuzi, humiminwa huku ukikoroga, kisha huachwa dakika 10 hadi 15 mpaka ladha ya mahindi mabichi iishe. Ukijua amarillo, umeshika mwendo wa mole zote.

Mjini au kijijini? Madarasa ya mjini huanza sokoni asubuhi, hufundishwa kwa Kihispania au Kiingereza, na kundi laweza kuwa kubwa. Ya vijijini, kwa mfano Teotitlán del Valle, kijiji cha Wazapoteki wafumaji wa mazulia kilicho karibu kilomita 30 kutoka mjini, huwa na watu wachache na moto wa kuni, na mama anayefundisha huenda akazungumza Kizapoteki na Kihispania tu. Hakikisha mkalimani yumo katika bei. Ukipata Jumapili, unganisha na gulio la Tlacolula, ambako utaona pilipili kavu zikiuzwa kwa rundo na chapulines, panzi waliokaushwa kwa saumu, ndimu na chumvi. Aliyekulia kwenye senene za Bukoba hatahitaji kushawishiwa.

Mérida: darasa litakalorudi nawe nyumbani

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, Yucatán ndiyo itakayokaa jikoni. Angalia viungo vya cochinita pibil, chakula maarufu kuliko vyote huko. Majani ya mgomba. Machungwa machachu ya naranja agria, yaani madanzi. Mbegu nyekundu za achiote, ambazo ni biksa ile ile inayolimwa Kwale na Lamu. Pilipili ya habanero, ndugu wa damu wa pilipili mbuzi. Kwa mole ya Oaxaca utabeba pilipili kavu sandukuni. Kwa hiki, karibu kila kitu unakipata sokoni.

Darasa la maana huanza na rojo la viungo, recado rojo, lililosagwa hapo hapo badala ya kufunguliwa kwenye pakiti. Vijiko vikubwa 4 vya mbegu za achiote, kijiko kidogo cha pilipili manga, tembe 10 za pimienta gorda (kubwa kuliko pilipili manga, harufu yake kama karafuu na mdalasini kwa pamoja), karafuu 4, kijiko kikubwa cha oregano, nusu kijiko kidogo cha bizari nyembamba, punje 8 za saumu zilizochomwa na maganda yake, chumvi, na maji ya danzi ya kushikanisha. Taabu iko kwenye mbegu: ni ngumu kama changarawe. Zisiposagwa zikawa vumbi kabla ya kuongezwa chochote cha maji, mchuzi utabaki na mchanga na hakuna moto utakaouondoa. Vaa aproni, na usilete kanzu nyeupe; rangi yake haitoki.

Kwa kilo 2 za nyama, tumia gramu 100 za recado na kikombe kimoja cha maji ya danzi, ulaze usiku kucha. Majani ya mgomba hubabuliwa juu ya moto mpaka yang'ae na kulainika. Jani lisilobabuliwa hupasuka likikunjwa, na mchuzi wote humwagika. Kijadi nyama huzikwa katika pib, shimo lenye mawe yaliyopashwa kwa kuni, likafunikwa majani na udongo. Shimo hilo halichimbiki kwenye saa tano za darasa la mjini. Ukilitaka, tafuta darasa la siku nzima nje ya Mérida na uulize moto unawashwa saa ngapi: wakikwambia nyama huzikwa wageni wakishawasili na huliwa saa mbili baadaye, kuna nyingine iliyopikwa mapema. Nyumbani, sufuria nzito iliyofunikwa vizuri ndani ya oveni ya nyuzi 160 kwa saa 3 hadi 4 hutoa nyama inayochambuka kwa uma. Ukikosa danzi, changanya sehemu 2 za maji ya chungwa, 1 ya ndimu na 1 ya balungi.

Cochinita ni nguruwe. Lakini pollo pibil, kuku wa namna hiyo hiyo, ni chakula cha wenyeji na si kitu kilichobuniwa kwa ajili ya wageni. Ukiomba mapema mwalimu hataona ajabu, na kuku huiva kwa saa moja na nusu tu.

Tungependa pia darasa lako liwe na papadzules: tortila zilizochovywa katika mchuzi wa mbegu za maboga, zikaviringishwa na mayai ya kuchemsha, na juu mchuzi wa nyanya. Mbegu hupashwa mpaka zianze kutatarika, zisikolee rangi, kwa kuwa zikikolea kijani hupotea. Husagwa, hukandwa na mchuzi vuguvugu wa epazote, jani lenye harufu kali, mpaka mafuta ya kijani yatoke kwenye donge; mafuta hayo hukusanywa ya kupambia juu. Mchuzi ukichemka tu hukatika kama tui lililoachwa bila kukorogwa. Mkono uliozoea tui la nazi utalielewa somo hili haraka kuliko wanafunzi wengine wote mezani.

Tatizo la Mérida ni joto. Aprili na Mei jua hupita nyuzi 38 mara kwa mara, na kusimama kando ya moto mchana ni adhabu. Nenda Novemba hadi Februari. Au mwisho wa Oktoba, ukutane na Hanal Pixán, siku za kuwakumbuka marehemu, ambapo familia hupika mucbipollo, mkate mkubwa wa masa na kuku unaozikwa ardhini. Ndani yake utakuta espelón, punje ndogo nyeusi. Ni kunde, zao lililotoka Afrika.

Puebla: nenda kwa msimu, la sivyo uhesabu gharama upya

Puebla ni rahisi kuifikia, basi la karibu saa mbili kutoka Jiji la Meksiko, na humfaa mwenye siku moja tu ya ziada. Sababu ya kweli ya kwenda ni chiles en nogada, na sababu hiyo ipo Julai hadi Septemba peke yake. Ni pilipili kubwa ya poblano iliyojazwa nyama ya kusaga yenye tofaa, pea na pichi za huko, ikafunikwa mchuzi mweupe wa jozi (walnut), juu komamanga na majani ya parsley: rangi tatu za bendera. Husimuliwa kwamba ilipikwa mara ya kwanza kwa heshima ya Agustín de Iturbide, kiongozi wa uhuru wa Meksiko, mwaka 1821.

Msimu una maana kubwa, kwa sababu mchuzi huo unataka jozi mbichi za mwaka ule. Ngozi nyembamba ya kila jozi hutolewa kwa kucha, punje kwa punje. Jozi mpya huachia ngozi. Kuukuu haziachii, na mchuzi hugeuka kijivu na mchungu. Darasa linalokuuzia chiles en nogada mwezi Februari linatumia jozi kuukuu, na utalionja hilo. Pilipili huchomwa juu ya moto mpaka ngozi iwe nyeusi yote, hufungwa ndani ya mfuko dakika 10 hadi 15, kisha humenywa kwa vidole. Usiioshe bombani hata kama weusi umebaki. Maji huondoka na ladha.

Nje ya msimu kuna mole poblano, na hapa Puebla inaishinda Oaxaca kwa mwanafunzi wa siku moja: pilipili za ancho, mulato na pasilla hukaangwa kwa sekunde chache bila kuunguzwa, kwa hiyo darasa la saa tano laweza kulikamilisha kwa haki. Ladha yake ni tamu zaidi, na ufuta humwagwa juu wakati wa kupakua. Lakini mahindi hayatiliwi mkazo kama Oaxaca, na poblano mbichi ni vigumu kuipata kwetu. Hoho si mbadala: haina ukali wala ladha ile ya udongo.

Vipimo unavyoviandika daftarini

Jambo moja walimu wengi hawalitaji. Puebla ipo zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Oaxaca ni karibu mita 1,550, nyuzi 95. Mérida iko karibu usawa wa bahari. Maharage yaliyochukua saa mbili na nusu Puebla yatavurugika kwa muda huo Dar es Salaam. Wa Nairobi atumie muda wa Oaxaca karibu kama ulivyo. Wa pwani apunguze na aonje mapema.

Kwa asiyekula nguruwe

Nyama ni rahisi kuikwepa. Kinachoponyoka ni manteca, mafuta ya nguruwe: yamo kwenye tamales (masa iliyofungwa jani na kupikwa kwa mvuke), kwenye maharage ya kupondwa, na mara nyingi ndiyo yanayokaangia mole. Neno "vegetariano" halitoshi, kwa sababu wapo wasioyahesabu mafuta kuwa nyama. Andika mapema, kwa maneno haya: "sin cerdo y sin manteca, con aceite, por favor", yaani bila nguruwe wala mafuta yake, kwa mafuta ya mimea, tafadhali. Nyama ya halali usitegemee kuikuta gulioni; panga samaki, mayai na mboga, na kwa hilo Mérida ina mengi zaidi. Mwenye mzio wa karanga au ufuta aseme siku ya kulipa, sio mezani. Mole haiwezi kutolewa karanga ikiwa tayari chunguni.

Kuingia na kurudi

Raia wa Tanzania na Kenya wanahitaji viza. Aliye na viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen, au ukaazi wa kudumu wa nchi hizo, huruhusiwa kuingia bila viza ya Meksiko. Thibitisha na ubalozi wao ulioko Nairobi kabla ya kukata tiketi.

Mole ya kuweka chomboni huhesabiwa kama kimiminika uwanjani. Iweke kwenye sanduku kubwa, ikiwa imefungwa mara mbili. Ya mkononi itachukuliwa. Pilipili kavu zisafishwe zisiwe na wadudu, na uzitangaze forodhani. Mbegu za kupanda zinataka kibali, kwa hiyo ziache. Majani ya mparachichi unayoyaona Oaxaca yana harufu ya anisi kwa sababu ni ya aina yao. Usichume ya mparachichi wa nyumbani ukategemea ladha hiyo.

Ukinunua kinu cha jiwe, molcajete, mwagia maji kwanza na ukisugue kwa kiganja. Kikitoa tope la kijivu na chembe zikawa zinang'oka bila kukoma, huenda ni saruji. Cha jiwe la volkano hutoa vumbi kidogo mwanzoni. Nyumbani kisagie konzi ya mchele mkavu, umwage, usage mwingine, mpaka unga utoke mweupe kabisa. Mwisho saga saumu na chumvi ya mawe, ukiache hivyo usiku mmoja kabla ya kutia nyanya.